Mwongozo kamili: Jinsi ya kuendesha mafunzo ya siku mbili ya kuwafundisha watafiti wa wanyama kueleza kazi yao kwa watu wa kawaida

Mafunzo mengi ya namna hii yanafeli mahali palepale. Watu wanakaa siku mbili, wanaangalia slaidi za mtu mwingine, wanapewa cheti na kupiga picha ya pamoja, afu wiki inayofuata mmoja wao anaulizwa redioni "kwani hao panya wanaumia?" na anaanza kuongelea umuhimu wa sayansi kwa dunia nzima. Swali halijajibiwa na kila aliyesikiliza kajua halijajibiwa. Waandaaji wamekuwa wakiniuliza tena na tena wanakosea wapi, kwa hiyo nimeona niweke hatua zote hapa, kuanzia wiki mbili kabla mpaka mwezi mmoja baada.

Msimamo wangu niuseme mapema. Mtafiti anatakiwa amtaje mnyama yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, aseme mnyama anapitia nini na anaishia vipi, kabla hajaulizwa. Akisubiri aulizwe, hata akijibu ukweli mtupu, msikilizaji anabaki na hisia kwamba kuna kitu kilikuwa kimefichwa. Hatua zote hapa chini zimepangwa kumfikisha mtu hapo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usitangaze tarehe kabla hujavipata vyote.

- Washiriki 8 mpaka 12, wasizidi hapo. Kila mtu lazima aongee mara nyingi kwa sauti, na mkiwa 30 watakaoongea ni walewale watatu wanaojiamini.
- Wawezeshaji wawili. Mmoja anaendesha, mwingine anaangalia sura za watu.
- Wasikilizaji watatu wa nje ambao si wanasayansi kabisa. Fundi, mwalimu wa shule ya msingi, mhasibu, yeyote. Hawa usiwaruke, nitaeleza.
- Angalau mtunza wanyama mmoja, yule anayesafisha vizimba na kulisha kila siku, na kama inawezekana daktari wa wanyama wa maabara.
- Nakala ya kibali cha kamati ya maadili kwa kila mradi utakaozungumziwa.
- Simu za kurekodia video na kistendi cha kuziegemeza.
- Vyumba viwili, maana watu wakifanya mazoezi wote chumba kimoja hawasikilizani.
- Karatasi kubwa za ukutani na kalamu nene.
- Mtu wa ofisi ya mawasiliano ya taasisi, awepo siku zote mbili, sio kuja kufungua na kuondoka.

Projekta acha. Ukiileta mtu ataleta slaidi, na akiwa na slaidi ataongea na ukuta.

## Hatua ya 1: Karatasi ya mnyama (wiki mbili kabla)

Mtumie kila mshiriki maswali haya ajibu kwa lugha ya nyumbani, ukurasa mmoja tu:

1. Unatumia mnyama gani, na wangapi?
2. Wanatoka wapi?
3. Wanafanyiwa nini hasa, kuanzia siku wanafika?
4. Wanasikia maumivu au hofu kiasi gani, na mnafanya nini kupunguza?
5. Wanaishia vipi?
6. Kwa nini huwezi kupata jibu bila mnyama?
7. Mpaka sasa mmejua nini, na bado hamjui nini?

Sababu ya kufanya hivi mapema ni kwamba watafiti wengi, hasa wanaochambua data, hawajawahi kukaa wakaandika jibu la swali la 4 na la 5. Wanalijua kwa mbali. Unakuta mtu anajua kila kitu kuhusu protini anayoichunguza lakini hajui panya wake anapewa dawa gani ya maumivu baada ya upasuaji, na hilo ndo swali la kwanza atakaloulizwa mtaani.

Kwa swali la 4 asiandike "kidogo" akaishia hapo. Nchi za Umoja wa Ulaya, kupitia sheria yao ya wanyama wa utafiti iitwayo Agizo la 2010/63, wana madaraja ya ukali: hafifu, wastani, kali, na daraja la wanyama wanaopewa nusukaputi na kutoamshwa tena. Hata kama nchi yako haitumii mfumo huo, mpe mshiriki ayapime majaribio yake kwa madaraja hayo, inamsaidia kuacha kujidanganya. Agizo hilohilo linataka kila mradi uwe na muhtasari kwa lugha ya watu wa kawaida na uchapishwe, kwa hiyo kazi hii wenzetu wengine wanaifanya kisheria.

Angalizo: linganisha karatasi na kibali cha kamati ya maadili, mstari kwa mstari. Kibali kikisema wanyama 60 na mtu akaandika "wachache", rudisha. Namba ikitofautiana hadharani hakuna maelezo yatakayokuokoa.

Utajua imefanikiwa pale mtunza wanyama akiisoma na kusema ndio, hivi ndivyo inavyokuwa. Akikunja uso, karatasi bado.

## Hatua ya 2: Kubaliana na taasisi nini kinasemwa

Fanya kikao kifupi na viongozi pamoja na mtu wa mawasiliano kabla ya mafunzo, na mtoke na majibu ya maandishi. Mtafiti anaruhusiwa kutaja aina ya wanyama? Idadi? Kuonesha picha? Akishambuliwa mtandaoni nani anamsimamia?

Kwa nini kabla: ukimfundisha mtu uwazi afu bosi wake akamkaripia siku ya kwanza anapofungua mdomo, umemwumiza, na wenzake wote wamejifunza kunyamaza.

Kama viongozi wanaogopa, waoneshe kwamba kuna wenzao walishavuka hapo. Uingereza taasisi zilisaini makubaliano ya uwazi kuhusu utafiti wa wanyama mwaka 2014, na ahadi ya kwanza kabisa ni kusema wazi lini, vipi na kwa nini wanatumia wanyama. Hispania wakafuata 2016, baadaye Ureno, Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani na wengine.

Kuna mambo yanabaki ndani hata kwa taasisi iliyo wazi sana: namba za vyumba, ratiba za kusafirisha wanyama, mifumo ya milango, na majina ya wafanyakazi ambao hawajakubali kutajwa. Hayo ni usalama wa watu. Ila isitumike "usalama" kuficha kwamba wanyama wapo.

## Hatua ya 3: Rekodi ya kwanza (siku ya 1, asubuhi)

Anza nayo hii kabla ya utangulizi wowote. Kila mshiriki anakaa mbele ya msikilizaji mmoja wa nje, anaeleza kazi yake dakika mbili, simu inarekodi. Hakuna kujiandaa. Msikilizaji akimaliza anaandika vitu vitatu: nimeelewa nini, sijaelewa nini, na kitu gani nilitamani kuuliza nikaogopa.

Usirekebishe mtu hapa, hata akiharibu vibaya. Hifadhi video na karatasi, utazihitaji kesho mchana.

Hapo ndo umuhimu wa watu wa nje unaonekana. Wanasayansi wakisikilizana wanasaidiana bila kujua, wanajaza mapengo kichwani mwao, wanatikisa kichwa mahali ambapo mtu wa kawaida ameshapotea zamani. Mhasibu hajazi pengo lolote. Na ile safu ya tatu, ya maswali aliyoogopa kuuliza, karibu yote yatakuwa kuhusu mnyama. Yaandike kwenye karatasi ya ukutani bila kutaja jina na yaache pale siku zote mbili.

## Hatua ya 4: Jenga maelezo upya

Sasa kila mtu anaandika upya maelezo yake akifuata mpangilio huu: shida gani ya watu au ya wanyama, swali gani tunauliza, mnyama gani na anafanyiwa nini, tumefika wapi. Mnyama aingie ndani ya nusu dakika ya kwanza.

Mfano wa kutunga ili uone tofauti. Mtu anaanza hivi:

"Tunachunguza mifumo ya molekuli inayoratibu uponaji wa tishu kwenye modeli ya kisukari, na matokeo yanaweza kuleta mapinduzi katika tiba."

Baada ya saa moja ya kazi inakuwa hivi:

"Watu wengi wenye kisukari wanapata vidonda vya miguu vinavyogoma kupona, na wengine wanaishia kukatwa mguu. Tunataka kujua kwa nini ngozi yao inachelewa kufunga. Tunatumia panya wadogo wa maabara 40 ambao tumewasababishia kisukari. Tunawapa nusukaputi, tunawatoa kipande kidogo cha ngozi mgongoni, wanapewa dawa ya maumivu na tunawaangalia kila siku. Baada ya wiki mbili tunawaua wakiwa wamelala ili tuichunguze ngozi yenyewe. Tumeona aina fulani ya seli za kinga zinachelewa kuondoka kwenye kidonda. Dawa bado hatuna."

Ni ndefu zaidi, na hiyo ni sawa. Msikilizaji hachoki na urefu, anachoka na kutoona kitu. Angalia pia kwamba "tunawaua" imesemwa wazi. Washiriki watajaribu kuizunguka, mara "tunawatoa kwenye jaribio", mara "tunahitimisha". Wazuie kwa upole. Mtu wa nje akigundua baadaye maana yake nini, anarudi nyuma na kutilia shaka kila neno ulilosema kabla.

Ukitaka kuwaonesha jinsi maelezo mafupi yenye mnyama ndani yanavyobaki kichwani, wasimulie penisilini, ile dawa ya kuua bakteria. Tarehe 25 Mei 1940 kule Oxford, timu ya Howard Florey iliwachoma panya wadogo 8 bakteria aina ya streptokoka kwa kiwango cha kuua. Wanne wakapewa penisilini, wanne hawakupewa. Kulipokucha wale wanne wasiopewa walikuwa wamekufa na waliopewa walikuwa hai. Kila mtu anaelewa, hata mtoto. Afu endelea usiishie hapo: mgonjwa mmoja kati ya wa mwanzo kabisa kutibiwa, mwaka 1941, alianza kupata nafuu, dawa ikaisha, akafariki. Kati ya panya aliyepona na mtu kupona kulikuwa na kazi nyingine kubwa, na msikilizaji anastahili kuujua umbali huo.

Utajua imefanikiwa msikilizaji wa nje akiweza kurudia maelezo kwa maneno yake mwenyewe bila kuangalia popote, na mnyama akiwemo kwenye kile anachorudia.

## Hatua ya 5: Kuzuia chumvi (siku ya 1, mchana)

Hapa watafiti wengi watakwambia tatizo ni waandishi wa habari. Wape takwimu hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la tiba la BMJ ulichambua taarifa 462 kwa vyombo vya habari kutoka vyuo vikuu 20 vya Uingereza. Asilimia 36 ya taarifa zilizohusu utafiti ambao haukufanywa kwa binadamu zilitia chumvi kwa kuhamishia matokeo kwa binadamu kupita kiasi. Na taarifa ya chuo ikitia chumvi ya aina hiyo, asilimia 86 ya habari nazo zilitia chumvi. Taarifa ikiwa safi, ni asilimia 10 tu. Yaani chumvi kwa sehemu kubwa inaanzia kwetu, kwenye taarifa ambazo watafiti wenyewe wanazipitia kabla hazijatoka.

Mwaka 2019 mwanasayansi James Heathers alifungua akaunti Twitter ambayo kazi yake ilikuwa moja: kuchukua habari za afya zilizosahau kusema utafiti ulifanyika kwa panya na kuongeza maneno "kwa panya". Ilisambaa haraka sana, na ilisambaa kwa sababu watu walikuwa wamechoka kuahidiwa tiba.

Zoezi ni hili. Kila mshiriki anaandika kichwa cha habari cha utafiti wake chenye maneno yasiyozidi 12, mnyama akiwa ndani. Mfano: "Panya wenye kisukari: seli za kinga zinazochelewa kuondoka zahusishwa na kidonda kugoma". Afu anaandika sentensi moja inayoanza na "Hii haimaanishi kwamba..." na kuimalizia. Hiyo sentensi aikariri kabisa, akiwa na hofu mbele ya maiki ndiyo itakayomtoka.

Angalizo: maneno kama "mapinduzi", "tiba ya", "matumaini mapya" yafute yote siku hiyo. Ukisoma unaona hayana madhara, ila kuna mama mwenye mtoto mgonjwa atakayeyasoma akaanza kupiga simu hospitali kutafuta dawa ambayo haipo. Hilo ni jambo zito na lisemwe kwa uzito wake.

## Hatua ya 6: Maswali magumu (siku ya 2, asubuhi nzima)

Hii ndo roho ya mafunzo na ndo inayopunguzwa kwanza muda ukibana. Punguza kingine chochote.

Kaa watu watatu watatu: mmoja anauliza, mmoja anajibu, mmoja anaangalia. Maswali yatoke kwenye ile karatasi ya ukutani ya jana. Kila jibu lisizidi sekunde 40, na sentensi ya kwanza lazima ijibu swali lenyewe. Ndio, hapana, au sijui. Maelezo yafuate.

"Wanaumia?" Kama wanaumia, sema ndio. "Ndio, wengine wanapata maumivu baada ya upasuaji, tunawapa dawa, na tunawaangalia mara kadhaa kwa siku." Mtu akiuliza utajuaje panya anaumia wakati haongei, hapo una kitu kizuri cha kumweleza: mwaka 2010 watafiti walichapisha kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa panya mdogo. Unaangalia macho yanavyobana, pua na mashavu yanavyovimba, masikio yanavyokaa, na ndevu zinavyobadilika. Mwache mtunza wanyama ajibu hili mara moja mbele ya wote, maana yeye anaiona sura hiyo kila siku na watu wanamwamini kwa sababu hiyo.

"Kwa nini msitumie kompyuta au seli?" Jibu la "haiwezekani" ni la uongo na usilikubali. Sehemu nyingi zinawezekana na zinafanyika. Mtafiti aseme sehemu gani ya kazi yake tayari inafanywa kwa seli au kompyuta, na ni swali gani hasa linalobaki linalotaka mwili mzima, kwa mfano jinsi kinga, damu na neva zinavyoathiriana wakati kidonda kinapona. Asipoweza kuitaja hiyo sehemu inayobaki, tatizo sio mawasiliano tena, arudi akaongee na kamati yake ya maadili.

Hapa ndipo unapoingiza kanuni tatu za William Russell na Rex Burch za mwaka 1959: tumia njia nyingine badala ya mnyama pale unapoweza, punguza idadi, na boresha taratibu ili mateso yapungue. Tatizo ni kwamba washiriki wanazikariri kama sala. Mtu anasema "tunazingatia kanuni tatu" na msikilizaji hajaambiwa kitu. Lazima kitajwe kitendo. Mfano mwaka huohuo wa 2010 Jane Hurst na Rebecca West walionesha kwamba panya wadogo wakinyanyuliwa kwa mkia wanakuwa na hofu zaidi kuliko wakibebwa ndani ya bomba au kwenye viganja. Mtafiti akisema "tuliacha kuwashika mkia, sasa wanaingia wenyewe kwenye bomba" amesema kitu ambacho mtu anakiona kwa macho.

"Si sheria ndo inawalazimisha?" Tahadhari kubwa. Watafiti wanapenda kujificha hapa na hali imebadilika. Marekani, sheria iliyosainiwa Desemba 2022 iliondoa sharti la lazima la shirikisho la kupima kila dawa kwa wanyama kabla ya kwenda kwa binadamu, njia nyingine zinakubalika pia. Na kwa vipodozi Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kupima bidhaa zilizokamilika mwaka 2004, viambato vyake 2009, na uuzaji wa vilivyopimwa kwa wanyama ukafungwa kabisa 2013. Mtafiti ajue sheria ya nchi yake inasema nini leo. Na kazi nyingi za msingi hazilazimishwi na sheria yoyote, ni uamuzi wa mtafiti mwenyewe, kwa hiyo auseme kama uamuzi: "tumeamua kwa sababu hizi."

"Panya sio mtu, matokeo yana maana gani?" Kubali nusu ya kwanza kabla hujagusa ya pili. Takriban dawa 9 kati ya 10 zinazoingia kwenye majaribio ya binadamu haziishii kuidhinishwa, na wanaopinga utafiti wa wanyama wanaijua namba hii vizuri kuliko watafiti wengi. Sababu ziko nyingi, mojawapo ikiwa ni kwamba kilichofanya kazi kwa mnyama hakikufanya kazi kwa mtu. Mtafiti aseme hivyo, afu aeleze kwa swali lake yeye panya anafanana na mtu wapi na anatofautiana wapi.

"Wewe ungekubali kufanyiwa hivyo? Au mbwa wako?" Hili halina jibu la data. Anayeuliza anataka kujua kama una moyo. Jibu la kweli la mtu mmoja mmoja ndilo linalofaa, hata kama ni "hapana nisingekubali, na nalifikiria sana, na bado naona kwa ugonjwa huu ni sahihi kwa sababu hii." Usimwandikie mtu jibu la swali hili. Mpe dakika kumi za ukimya na karatasi.

Kuna jambo wawezeshaji wengi wanalisahau. Anayepinga anaweza kuwa na hoja ya kimaadili iliyokamilika, sio kwamba hana elimu. Mtu anaweza kuelewa jaribio lako lote, kila kipengele, na bado akaona si haki. Lengo la mafunzo ni mtafiti aweze kusema ukweli na kumsikiliza huyo mtu mpaka mwisho, kumgeuza sio kazi yako. Mshiriki akianza kubishana ili ashinde, simamisha zoezi, mwambie arudie swali la mwenzake kwa maneno yake kwanza.

Angalizo la mwisho hapa: watu wanalia kwenye kipindi hiki, hasa wanaotunza na kuua wanyama kwa mikono yao. Kuna mzigo ambao hawajawahi kuulizwa. Panga mapumziko ya nusu saa baada ya kipindi, mwezeshaji wa pili akae karibu, na usiruhusu kurekodi asubuhi hii yote.

Utajua imefanikiwa ukisikia sentensi za kwanza zimekuwa fupi, na sauti za watu zimeshuka, hawajitetei tena.

## Hatua ya 7: Picha

Hii ni ya haraka lakini usiiruke, kwa sababu pasipo picha yako habari itapambwa na picha ya kwenye hifadhi ya mtandao, na mara nyingi ni ya mnyama tofauti, sindano kubwa, chumba kisichofanana na chako.

Kila mshiriki alete picha tatu za kweli kutoka kwake: mnyama kwenye kizimba chake cha kawaida, mtu akiwa kazini na mnyama, na kitu kimoja kinachoonesha tendo lenyewe. Picha iwe ya hivi karibuni na iwe na maelezo: mnyama gani, anafanya nini, amepewa dawa gani kama amelala. Daktari wa wanyama azipitie kwanza, jicho lake litaona glovu iliyokosekana au kizimba kisicho na majani ya kulalia.

Simu nyingi zinahifadhi mahali picha ilipopigwa ndani ya faili. Futa taarifa hizo kabla ya kutuma popote.

## Hatua ya 8: Interviu ya kuigiza na rekodi ya pili (siku ya 2, mchana)

Mwite mwandishi wa habari wa kweli kama unampata, kama humpati mwezeshaji acheze nafasi yake. Dakika tano mbele ya kamera, maswali yasijulikane, na swali moja liwe la makosa ya makusudi, mfano "kwa hiyo mmepata dawa ya kisukari?" Mshiriki anapimwa kwa jinsi anavyosahihisha bila kumdhalilisha anayeuliza: "Bado. Tulichopata ni hiki, kwa panya."

Mfundishe pia haki ya kukaa kimya sekunde tatu kabla ya kujibu. Na kusema "hilo sijui, nitakutafutia" kisha kweli akatafuta.

Afu rudia dakika mbili za jana asubuhi, msikilizaji wa nje mwingine kabisa, ambaye hajawahi kumsikia. Weka video mbili pamoja, kila mtu aangalie zake na mwenzake mmoja anayemwamini. Usizioneshe kwa kundi zima. Linganisha mambo matatu tu: mnyama ametajwa sekunde ya ngapi, msikilizaji ameweza kurudia nini, na ile safu ya maswali ya woga imebaki na mangapi.

Ile safu ikiwa tupu au ina swali moja, umefanya kazi. Ikiwa imejaa bado, mara nyingi utakuta karatasi ya hatua ya 1 haikukamilika vizuri, hasa swali la 5. Rudi pale na mshiriki huyo peke yake, sio kumpa mbinu zaidi za kuongea.

## Hatua ya 9: Kitu kimoja cha kweli ndani ya mwezi

Kabla hawajaondoka kila mtu anachagua kitu kimoja na tarehe: kuongea na darasa la shule, kuandika upya ukurasa wa maabara yao kwenye tovuti ya taasisi, kupitia taarifa inayofuata kwa vyombo vya habari, au kualika kikundi cha wagonjwa. Wapange wawili wawili, mmoja anaenda kumsindikiza mwenzake na kuandika maswali yaliyoulizwa.

Kwa wanaoanza, shauri mkutano wa ana kwa ana kabla ya mitandao. Kwenye chumba unaona uso wa mtu na unaweza kurekebisha.

Wanaoenda mitandaoni wawe na utaratibu huu: swali la kweli lijibiwe hata likiwa na hasira, tusi liachwe, tishio lipigwe picha ya skrini na lipelekwe siku hiyohiyo kwa yule mliyemtaja kwenye hatua ya 2. Mtafiti asijibu peke yake usiku. Na asifute komenti za wanaopinga kwa sababu tu zinauma, hilo linaonekana na linasambaa kuliko komenti yenyewe.

Baada ya mwezi mkutane saa moja na nusu. Kila pea inaleta maswali waliyoulizwa, mnayaongeza kwenye orodha ya hatua ya 6, na kundi linalofuata linaanzia hapo. Walioshindwa kufanya kile walichochagua waulizwe kilichowazuia. Kama ni ruhusa, peleka jibu hilo kwa viongozi likiwa na tarehe na jina la mradi, kabla hujapanga mafunzo mengine.